Kakao ya Davao na Kinywa cha Wenyewe

Mwaka 1879, kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, ndipo Tetteh Quarshie alipofikisha mbegu za kakao katika nchi ambayo leo ni Ghana. Na mwaka huo mkakao ulikuwa umekwisha kuota katika visiwa vya Ufilipino kwa miaka 200 na zaidi, vizazi kadha wa kadha vya watu wa visiwa hivyo vikiwa vimezaliwa, vimezeeka na kutoweka huku vikinywa kakao ya mashamba yao alfajiri. Walakini leo Ghana na jirani yake Kodivaa hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, ilhali Ufilipino, uliotangulia, hutoa tani 10,000 hivi kwa mwaka, kiasi kisichotosha hata haja ya raia zake wenyewe, ambao aghalabu hula chokoleti iliyovuka bahari. Kutokana na hali hiyo huzuka swali ninalokusudia kulichambua hapa: Mfilipino anunuaye chokoleti nyeusi iliyotengenezwa nchini mwake, kwa kakao iliyopandwa nchini mwake, akailipia bei iliyo juu ya ile ya chokoleti ya kigeni iliyopangwa jirani yake dukani, je, anatoa sadaka kwa bidhaa dhaifu ya nyumbani, au ananunua kitu kinachostahiki thamani yake? Jawabu langu ni hilo la pili. Na zaidi ya hapo nasadiki kwamba uzalendo peke yake ni msaada wa muda mfupi, na kwamba msaada wa kudumu ni ulimi uliojifunza kupambanua kakao iliyovundikwa vyema na ile iliyovundikwa ovyo, kwa sababu ulimi huo humlipa mkulima kwa kazi ambayo karibu hakuna mwingine anayemlipa.

Mkakao si mti wa asili ya Asia. Uliletwa kutoka Meksiko katika zama za merikebu za Wahispania zilizosafiri baina ya Acapulco na Manila tangu mwaka 1565 hadi 1815, zikipeleka hariri na vyombo vya kaure mashariki ya bahari ile kuu na kurudi na fedha ya Meksiko. Padri Manuel Blanco, mtawa aliyekusanya habari za mimea ya Ufilipino katika kitabu kilichotoka mwaka 1837, amesimulia ya kuwa rubani mmoja, Pedro Bravo de Lagunas, alileta mche katika chungu mnamo mwaka 1670, akampa ndugu yake aliyekuwa kasisi huko Camarines. Na kwamba mche huo uliibwa na mtu wa Lipa aitwaye Juan del Aguila, ambaye aliuficha, akautunza, na kutokana naye mkakao ukaenea visiwani. Ikiwa masimulizi hayo ni sahihi kwa kila sehemu yake au la, jambo moja ndani yake lina uzito mkubwa: tangu mwanzo wa habari hii mwananchi wa kawaida alitambua kuwa mti huu ni tunu, akautaka uwe wake, na hakungoja kugawiwa.

Kwa muda mrefu kakao ya huko haikuwa kitu cha kutafuna bali cha kunywa. Mbegu kavu hukaangwa, hupetwa ili kapi zitoke, husagwa zingali na joto mpaka mafuta yake yenyewe yazigeuze uji mzito, na uji huo hufinyangwa vidonge vya duara viitwavyo tablea, visivyo na kitu ndani yake ila kakao, au kakao na sukari kidogo. Mnywaji huyeyusha vidonge katika maji ya moto, na kwa kuwa mafuta ya kakao hayapatani na maji bila ya kulazimishwa, hukipekecha kinywaji kwa batirol, yaani mpekecho wa mti wenye kichwa kilichochongwa meno na pete, unaozungushwa baina ya viganja viwili hadi povu lipande. Watu wa Cebu na visiwa vya kati hukiita kinywaji hicho sikwate, na hukinywa pamoja na puto maya, ambao ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke na kutiwa tui la nazi na tangawizi, huku embe bivu limekatwa kando. Kwingineko tablea huchanganywa na mchele huohuo wa kunata ukawa uji wa kakao, champorado, ambao huliwa pamoja na samaki mkavu wa chumvi. Mlo huu, kwa mgeni, huonekana kama ugomvi wa vitu viwili visivyojuana, lakini mtu aliyelelewa kwa ng'onda na chai ya tangawizi hatapata taabu kuufahamu. Na katika zile siku 9 za misa ya alfajiri zinazotangulia Krismasi, tangu tarehe 16 hadi 24 Desemba, waumini watokapo kanisani gizani hukuta milangoni wauzaji wa mikate ya mchele na vinywaji vya moto, na tsokolate huwa miongoni mwavyo.

Kinywaji hiki kilikuwa pia kipimo cha hadhi. José Rizal, katika riwaya yake Noli me tangere iliyochapishwa mwaka 1887, ametaja ishara ya siri aliyokuwa nayo mtawa mmoja na mtumishi wake, kwamba mgeni wa kuheshimiwa aletewe chokoleti nzito, na mgeni asiye na cheo aletewe iliyozimuliwa kwa maji. Msomaji hucheka, kisha huona kwamba ukoloni wote umo katika kikombe kile: kakao imelimwa na mwananchi, na aliye juu ndiye anayeamua ni nani atakayeinywa ikiwa kamili.

Chokoleti ya kutafuna ilikuja kwa mlango mwingine na kwa sababu nyingine. Marekani iliitawala nchi hiyo tangu 1898 hadi 1946, isipokuwa miaka ya uvamizi wa Wajapani, na hata baada ya uhuru majeshi yake yalikaa katika kambi za Clark na Subic mpaka yalipoondoka katika 1991 na 1992. Na bidhaa za maduka ya askari, chokoleti ikiwamo, zilipenya mpaka masoko ya nje ya kambi, zikawa alama ya maisha bora. Hata kabla kambi hazijafungwa palikuwa pamekwisha kuanza msafara mkubwa zaidi, wa Wafilipino kwa mamilioni waliokwenda kutafuta riziki ghaibu: mabaharia, wauguzi, mafundi, na watumishi wa nyumbani, wengi wao katika nchi za Ghuba. Hao hurudi, au hutuma kwa meli, sanduku kubwa la karatasi nzito ambalo kila nyumba ya Kifilipino yenye mtu wake ng'ambo hulijua, na ndani ya sanduku, baina ya sabuni, viatu na nyama za kopo, lazima pawe na chokoleti ya Uswisi, ya Italia au ya Marekani. Sina neno la kuwalaumu watu hao. Mama aliyekaa mbali na watoto wake miaka mingi, akilea watoto wa watu wengine, hana njia nyingi za kuonyesha mapenzi yake, na kile kipande cha chokoleti kilichofungwa kwa karatasi ya dhahabu kimebeba mapenzi hayo kwa uaminifu. Lakini matokeo yake ni kwamba vizazi viwili au vitatu vimekua vikijua kuwa chokoleti njema ni ile itokayo mbali, na kwamba ile ya nyumbani ni peremende ya njugu na sukari inayouzwa kwa bei ndogo dukani pa jirani, inayopendwa sana utotoni na kusamehewa sana ukubwani.

Tusipolizingatia jambo hilo hatutaelewa kwa nini mtengenezaji wa Manila au wa Davao hupata taabu kuuza kwao kitu ambacho Paris na London zimekitunuku medali.

Ama kwa nini nazungumzia chokoleti nyeusi na si ile ya maziwa, sababu si majivuno ya walaji wapendao uchungu. Ufilipino huzalisha takriban asilimia 1 tu ya maziwa unayoyahitaji, na yaliyobaki huagizwa nje. Kwa hiyo chokoleti ya maziwa iliyotengenezwa huko, hata ikiwa na kakao safi ya kisiwa cha Mindanao, karibu daima huwa imechanganywa na unga wa maziwa wa kigeni, na maziwa hayo huifunika ladha ya mbegu. Chokoleti nyeusi ina viungo viwili vikubwa, kakao na sukari, na vyote viwili hupatikana visiwani: kakao ya Davao, huko Mindanao, na sukari ya miwa ya Negros, kisiwa ambacho uchumi wake umesimama juu ya muwa tangu karne ya 19. Basi katika kipande chenye kakao asilimia 70 nchi inaweza kujionja yenyewe bila ya kificho, uzuri wake na kasoro zake pia.

Husemwa mara kwa mara kwamba Mfilipino hupenda vitamu mno, na kwamba uchungu wa chokoleti nyeusi ni anasa ya Wazungu. Hoja hii haina nguvu. Watu walewale hunywa sikwate isiyo na sukari nyingi. Hunywa kahawa ya barako ya Batangas, ambayo ukali wake haufichiki. Na hula karela, tunda chungu kuliko chokoleti yoyote, likiwa limekaangwa kwa mayai, kama chakula cha siku zote. Kinachowashinda wengi si uchungu, ni ukakasi, ule ukavu unaokamata ulimi na kuta za kinywa, nao hautokani na wingi wa kakao bali hutokana na kazi iliyofanywa vibaya shambani. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo.

Mbegu ya kakao itokapo katika tunda haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Ni chungu, ina ukakasi, rangi yake ya ndani aghalabu ni ya zambarau, na imezungukwa na utando mweupe wenye utamu na ugwadu wa kupendeza. Mbegu hizo pamoja na utando wake hutiwa katika masanduku ya mbao, hufunikwa kwa majani ya migomba au magunia, na huvundikwa kwa siku 5 au 6, zikigeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite. Hamira za asili hugeuza sukari ya utando kuwa kileo. Vijidudu vingine hugeuza kileo kuwa siki. Joto la lundo hupanda hadi nyuzi 45 au 50 za Selsiasi. Kiini cha mbegu hufa, siki hupenya ndani, na katika kufa huko protini huvunjika vunjika na kufanya vitu ambavyo baadaye, katika moto wa kukaangia, vitageuka harufu tuijuayo sote. Ukakasi nao hupungua, na zambarau huwa hudhurungi. Mwenye haraka akivundika siku mbili, au akiosha mbegu na kuzianika moja kwa moja, hupata mbegu kavu yenye uzito uleule mezani pa mnunuzi, lakini chokoleti yake itakuwa na uchungu mtupu usio na kina, na hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha utamu ambao haukuzaliwa sandukuni.

Kwa muda mrefu kakao nyingi ya Ufilipino, hasa ile ya miti michache ya uani iliyokusudiwa tablea, ilivundikwa kidogo au haikuvundikwa kabisa, na wanywaji walizoea ukali wake wakauhesabu kuwa ndio tabia ya kakao. Mnunuzi wa kawaida hulipa kwa kilo, na kilo haijui tofauti. Hata mvua huleta mtihani wake, kwa maana sehemu kubwa ya Davao hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, jambo lililo rehema kwa mti na adha kwa mwanikaji, ambaye hana budi kuzifikisha mbegu zake kwenye unyevu wa asilimia 7 hivi kabla ukungu haujaziingia. Ndiyo sababu ya vile vibanda vya kuanikia vilivyoezekwa kwa plastiki angavu vionekanavyo katika mashamba ya huko. Mtu akitafakari kazi zote hizi, kuvunja, kuvundika, kugeuza, kuanika, kuanua mawingu yanapotanda, kisha akaambiwa kwamba aliyezifanya kwa uangalifu na aliyezipuuza hulipwa sawa, hatauliza tena kwa nini ubora ni haba.

Mabadiliko yalianza kuonekana miaka ya 2010. Mwaka 2010 Philo Chua alianzisha Theo & Philo, watengenezaji wa kwanza nchini humo wa aina ile ya kuanza na mbegu na kumaliza na kipande chenyewe chini ya paa moja, badala ya kununua chokoleti ya viwanda vya kigeni na kuiyeyusha upya. Wao walithubutu kutia katika chokoleti nyeusi vitu vya jikoni kwao: ndimu ndogo ya kalamansi, pilipili kali ya labuyo, embe bichi na chumvi. Ningeweza kutilia shaka michanganyiko ya namna hii, maana mara nyingi viungo hutumika kuficha mbegu dhaifu. Lakini embe bichi kwa chumvi ni kitu ambacho kila mtoto wa visiwa hivyo, kama kila mtoto wa Tanga na Mombasa, amekila barabarani, na kukikuta ndani ya chokoleti ni kumwambia mlaji kuwa kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili yake, wala hakikusudiwa mtalii peke yake.

Huko Malagos, katika vilima vya wilaya ya Baguio ya jiji la Davao, chini ya mlima Talomo, jamaa ya Puentespina walianza kushughulikia shamba la kakao mwaka 2003, na miaka kama kumi baadaye wakawa wanatengeneza chokoleti yao wenyewe kutokana na miti waionayo dirishani. Mwaka 2017 mbegu zao zilihesabiwa miongoni mwa 50 bora za dunia katika mashindano ya ubora wa kakao yaliyofanyika Paris, na chokoleti yao imepata tuzo katika mashindano ya kimataifa, yakiwamo yale ya Academy of Chocolate ya London. Kisha ikaja Auro, iliyoanzishwa mwaka 2015, yenye kiwanda huko Calamba, mji wa Laguna alikozaliwa Rizal mwenyewe. Hao huandika juu ya vipande vyao majina ya sehemu za Davao zilikotoka mbegu: Paquibato, Saloy, Mana. Paquibato palijulikana kwa miaka mingi kwa habari za waasi na askari, wala hapana aliyepataja kwa wema. Leo jina hilo husomwa juu ya chokoleti, na anayelisoma hutafuta ladha yake. Nadhani hakuna heshima kubwa iwezayo kupewa kijiji cha wakulima kuliko hiyo, na naisema kwa moyo wangu wote.

Serikali nayo haikukaa kimya. Sheria Na. 11547 ya mwaka 2021 imelitangaza jiji la Davao kuwa mji mkuu wa chokoleti wa Ufilipino, na mkoa wa Davao, ambao hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kakao ya nchi, kuwa makao makuu ya kakao. Kabla ya hapo palikuwa na azimio la kufikia tani 100,000 ifikapo mwaka 2020, azimio ambalo halikukaribiwa hata kwa sehemu ya tano yake. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa matumaini makubwa kuvunjika: kakao ilipanuliwa katika miaka ya 1980, kisha nondo mdogo ambaye mabuu yake hutoboa matunda na kugandisha mbegu ndani aliharibu mashamba mengi, na bei ya dunia ikaporomoka hata mwaka 2000 tani moja ikawa chini ya dola 1,000. Dawa ya nondo huyo iliyo salama na yenye kufaa ni kulivika kila tunda changa mfuko, tunda moja baada ya moja, kazi ambayo mwenye shamba kubwa huiona gharama, na mwenye ekari mbili chini ya minazi yake huiweza pamoja na mkewe na wanawe. Kwa hiyo sisikitiki sana kwamba tani 100,000 hazikupatikana. Nchi yenye milima, mvua na wakulima wadogo kama ile haitashindana na Afrika ya Magharibi kwa wingi. Itashindana kwa ubora, au haitashindana kabisa.

Na minazi hiyo inastahiki kutajwa. Mkakao hupenda kivuli cha kiasi, na mnazi, ambao umeenea visiwani mote na ambao wakulima wake ni miongoni mwa mafukara wa nchi, huacha chini yake nafasi na mwanga uliochujika unaoutosha mkakao. Familia iliyokuwa ikingoja nazi kila baada ya majuma kadhaa huweza kupata, katika ardhi ileile, pato la pili. Na miche ya siku hizi, iliyobebeshwa vikonyo vya aina teule zijulikanazo kwa herufi na namba, UF18, BR25, PBC123, huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu.

Tuangalie sasa hesabu ya kipande kimoja, maana watu wengi hudhani kwamba bei ya juu ya chokoleti hiyo hutokana na mbegu. Tunda moja hutoa gramu 35 hadi 40 hivi za mbegu kavu. Kipande cha gramu 70 chenye kakao asilimia 70 huhitaji gramu 60 na ushei za mbegu hizo, kwa kuwa kapi na unyevu hupotea njiani: yaani matunda mawili pungufu. Bei ya dunia ikiwa dola 2,500 kwa tani, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, mbegu za kipande hicho ni senti 15 au 16 za dola. Na hata bei ilipopita dola 10,000 mwaka 2024, thamani yake ilikuwa senti 60 na kidogo. Kilichobaki katika zile dola kadhaa ambazo mlaji hutoa ni ujira wa kiwanda kidogo, mashine, umeme wa bei kali, sukari ya ndani ambayo bei yake aghalabu huwa juu kuliko ya dunia, karatasi, faida ya duka, na ushuru. Maana yake ni kwamba mtengenezaji akimwongeza mkulima nusu ya bei kwa ajili ya uvundikaji mwema, mlaji hataona badiliko kubwa, lakini mkulima ataona. Basi anayetaka kusaidia asitosheke na bendera iliyochapwa juu ya karatasi. Na asome ikiwa shamba, kijiji au ushirika umetajwa, ikiwa mafuta yaliyotiwa ni ya kakao yenyewe au ni ya mimea mingine, na ikiwa kakao ndiyo ya kwanza katika orodha ya viungo. Chokoleti iliyoyeyushwa Manila kutokana na matofali ya Ulaya ni biashara halali, lakini haimgusi mtu wa Paquibato.

Mambo hayo yafanana na yale ya kwetu, na wasomaji wa Kyela na Kilombero watakuwa wamekwisha kuyatambua. Huko Mbingu, katika bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza mwaka 2013 kununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima na kuzivundika mahali pamoja, na matokeo yake jina la bonde hilo likaandikwa juu ya chokoleti za mafundi wa Marekani na Ulaya; Davao nako mbegu nyingi huuzwa mbichi kwa wavundikaji wa namna hiyo, kilo 3 hivi za mbichi zikitoa moja ya kavu. Tofauti ni kwamba Mfilipino sasa aweza kuingia dukani mjini mwake akainunua kazi ya mkulima wake ikiwa imekamilika, na jambo hilo bado ni adimu sana upande wetu.

Nimesema mengi juu ya kusaidia, na kula ndiko kulikotangulia. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, joto la mwili wa binadamu likiwa 37; ndiyo sababu chokoleti njema huyeyuka ulimini bila ya kutafunwa, na ndiyo sababu pia mwezi wa Aprili wa Manila ni adui yake. Mafundi hutumia siku mbili au tatu kusaga kwa magurudumu ya mawe mpaka ulimi usihisi punje, kisha huipoza na kuipasha tena hadi nyuzi 31 au 32 ili mafuta yagande kwa mpangilio, na kipande kivunjike kwa mlio na kung'aa. Mlaji akikiacha garini kikalegea na kuganda upya, kitatoka madoa meupe, na lawama ataitupia nchi nzima. Kiwekwe mahali pa baridi ya wastani, mbali na samaki na vitunguu, kwani mafuta hunyonya harufu. Kisha kivunjwe kidogo, kiwekwe juu ya ulimi, na kiachwe. Cha Davao kilichovundikwa vyema huanza kwa ugwadu wa matunda, hupita katika uchungu usio na ukakasi, na hukawia kooni muda mrefu baada ya kumezwa. Mimi hukiona bora pamoja na embe bivu, kwa namna ileile ya watu wa Cebu na sikwate yao, kuliko pamoja na mvinyo wanaousifu wageni. Anayeanza aanze na asilimia 65, na asione haya.

Habari za manufaa yake kwa moyo na damu nimeziacha makusudi. Zimetiwa chumvi mno na wauzaji, na kitu chenye ladha kama hii hakihitaji kununuliwa kwa jina la dawa.

Bei ya kakao, iliyofika zaidi ya dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024 kwa sababu mavuno ya Afrika ya Magharibi yalikuwa yameharibiwa na hali ya hewa na maradhi ya miti, ilianza kushuka katika mwaka uliofuata. Mti uliobebeshwa huchukua miaka 5 hivi kabla ya kufikia uzazi wake kamili, na kwa hiyo miche iliyopandwa chini ya minazi ya Davao katika mwaka wa bei zile itakuwa imekamilika karibu na 2029, katika soko ambalo huenda likawa limerudi kulipa kwa kilo na kutojali sanduku la mbao. Wakati huo watengenezaji wa Calamba na Malagos watahitaji watu wa Manila, wa Cebu na wa Davao kwenyewe wanaokijua walichokuwa wakikila, wanaoweza kuipambanua mbegu ya siku 6 na ile ya siku 2 hata wakifumba macho, na ambao watakuwa tayari kuilipia tofauti hiyo juma baada ya juma bila ya kuhimizwa na tangazo lolote.